UZI: Oktoba ya Rozari ndiyo Oktoba ya korosho. Familia za Kusini tunasali saa ngapi?

Mama Chikundi:

Tumsifu Yesu Kristo, wakuu. Na kwa ndugu zetu wa "Bwana Yesu asifiwe", asifiwe sana.

Kila mtu akiuliza namna ya kuiweka imani katikati ya nyumba yenye shughuli nyingi, majibu yanafanana: amkeni saa kumi na moja alfajiri, msali pamoja, jioni mkae mezani, msome Neno, muimbe, mlale. Ratiba nzuri sana. Ila aliyeipanga ana mshahara unaoingia kila mwisho wa mwezi, na baba wa nyumba hiyo analala nyumbani Januari hadi Desemba. Mimi naandika kutoka Masasi, kusini mwa Tanzania. Nafundisha shule ya msingi, mume wangu ni mkulima wa korosho, tuna watoto wanne, na mama mkwe tunakaa naye. Leo naomba tuongelee nyumba zetu sisi wa huku.

Ninachosema ni kimoja. Mwaka wa nyumba za Kusini unaendeshwa na mkorosho, basi sala ya nyumba nayo ifuate mkorosho. Ukiipangia saa ya ukutani, mwezi wa sita itaugua, mwezi wa kumi mtaizika.

Twende na mwaka wenyewe. Mikorosho ikielekea kutoa maua, kupuliza dawa ya salfa kunaanza, maana ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, haumsubiri mtu. Wenye mashamba wanajua kwamba salfa hupulizwa alfajiri, upepo ukiwa bado umetulia na majani yana umande. Mume wangu na vijana wanatoka usiku mnene. Sasa mtu huyo mwambie habari za sala ya familia ya saa kumi na moja! Kipindi hicho sala ya asubuhi kwetu ni ya mmoja mmoja: ishara ya msalaba na Baba Yetu mlangoni, mashine mgongoni, anaondoka. Ya pamoja inahamia saa moja jioni, kabla ya chakula. Narudia, kabla. Baba aliyepuliza salfa tangu alfajiri akishashiba ugali wa muhogo, Salamu Maria ya tatu utaisali na ukuta.

Halafu inaingia Oktoba. Kanisa limeupa mwezi huo Rozari, jumuiya zinazunguka nyumba hadi nyumba kila jioni. Na Oktoba hiyohiyo korosho zinadondoka, minada inaanza, nusu ya kitongoji imehamia kwenye vibanda vya shambani. Viongozi wa jumuiya wanaandika mahudhurio, wanaona wasiofika ni walewale, wanasononeka. Mimi naona swali lao limekaa vibaya. Waliohamia shamba waulizwe kama wameondoka na rozari yao au wameiacha kwenye msumari. Basi.

Kwetu tunaokota kila mtu na mti wake, miti iliyokaribiana, na mama mkwe ndiye anayeanzisha. Fungu moja la rozari, yaani Salamu Maria kumi, linatosha mti mmoja hivi, kutegemea umedondosha kiasi gani. Mtoto wa mwisho ndiye mhesabu: kila Salamu Maria anatenga korosho moja pembeni, zikifika kumi anapiga kelele "Atukuzwe!" na hapo wote tunajua tumefika wapi. Hakuna anayefumba macho. Matendo matano yakiisha tunarudi kwenye soga na ugomvi wetu wa kawaida, nani anaokota na nani amekaa anakula mabibo, yale matunda ya mkorosho.

Jumapili sitaiongelea sana. Kuna misa ya kwanza. Mvua za Desemba zikitishia na korosho ziko chini, nenda misa ya kwanza, rudi uziokoe. Anayekuhukumu muulize korosho zake amezianika wapi.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Kazi haijatuondolea sala nyumbani kama hela inavyotuondolea. Tukiwa tunaokota tunachoka, lakini tuko pamoja kutwa. Ujumbe wa malipo ukishaingia kwenye simu, kila mtu anapata njia yake. Baba yuko mjini "anafuatilia". Kijana anataka pikipiki. Shemeji ambaye hatukumwona wakati wa palizi amefika na begi. Jirani amenunua spika kubwa kuliko mlango wake, na uraka, pombe ya mabibo, umeiva. Kumbuka huo ndio wakati wa Majilio, majuma ya kuingojea Krismasi, tunaambiwa tukeshe! Na kanisa nalo, nisamehewe, ndipo linapotukumbuka kwa bahasha za kila rangi.

Kwa hiyo hapa kwetu kuna siku moja tunayoilinda kuliko hata Krismasi, nayo ni siku malipo yanapoingia. Hakuna anayetoka na senti. Tunakaa chini wote, bibi yao anaongoza sala ya shukrani, kisha mume wangu anataja kiasi. Anakitaja mbele ya watoto. Fungu la Bwana linatengwa kwanza, halafu ada, salfa ya mwakani, chakula cha kutuvusha masika, deni la duka, ndipo zinakuja nguo na mengine. Watu wameniambia watoto hawapaswi kusikia hesabu za wakubwa. Mimi nasema mtoto anayesikia baba anamshukuru Mungu kwa kiasi kinachojulikana, na anaona sehemu inatoka kwenda kwa Mungu kabla ya kiatu chake, amefundishwa katekisimu ambayo mimi mwalimu siwezi kuiandika ubaoni.

Kwaresima kwetu ni rahisi. Akiba imepungua, mvua inanyesha, kufunga kunajifunga kwenyewe.

Nimeshusha. Karibuni, na wa kupinga wapinge.

Salfa_Mbili:

Mwalimu, shikamoo. Siku ya malipo nimeielewa na nitaiiba. Ila hii ya kusali huku mnaokota siiafiki. Mungu apewe muda wake kamili. Ukiitwa na mkuu wa wilaya utaongea naye huku unabangua korosho? Sala ya mbiombio inawafundisha watoto kwamba Mungu ni wa kupitia pitia tu.

Mama Chikundi:

Marahaba Salfa. Swali zuri, na jibu lake liko jirani na sisi wote. Pale Ndanda, penye abasia, yaani nyumba kuu ya wamonaki, misioni imekuwepo tangu 1906. Wale wamonaki wanafuata Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ya karne ya 6, watu ambao sala ndiyo kazi yao ya kwanza. Benedikto anaagiza pasiwepo kitu kinachotangulizwa mbele ya sala. Lakini mtu huyohuyo, sura ya 50, anawawaza ndugu wanaofanya kazi mbali wasioweza kufika kanisani kwa saa yake. Hakuwaambia waache kazi wakimbie, wala hakuwaambia wasamehewe sala. Wasali palepale walipo kazini. Na walio safarini vivyo hivyo, saa zao zisiwapite. Sura ya 48 anaongeza kwamba ikibidi wavune wenyewe wasisikitike, maana wakiishi kwa kazi ya mikono yao ndipo walipo wamonaki kweli.

Sasa kama mmonaki anasali shambani, mimi mke wa mkulima nisubiri nini?

Ila hapo kwenye heshima umenipata kidogo, kwa sababu Benedikto anasema wapige magoti. Sisi tendo la tano tunapiga. Majani makavu ya mkorosho yanachoma magoti, lakini tunapiga.

Salfa_Mbili:

Haya. La magoti limenifunga mdomo.

Ustaadh wa Mikindani:

Assalaam aleykum na amani kwenu nyote. Mimi ni Muislamu, napita tu, ila mada imenivuta kwa sababu majirani zangu ni Wakristo na alfajiri huwa wanaamka kwa adhana yetu, wenyewe wananiambia.

Mwalimu amesema sala ifuate kazi. Kwetu ni kinyume chake, kazi ndiyo inayopanguliwa na swala. Adhuhuri ikiingia mvuvi wa pwani anaacha wavu, mwenye duka anafunga pazia, dakika chache amerudi. Hatuombi ruhusa kwa kazi. Na watoto wetu wanaenda madrasa karibu kila siku baada ya shule. Nyinyi mafundisho ni Jumamosi, tena mwalimu akiugua hakuna. Sisemi kwa ubaya, nasema kama jirani. Mtoto akisikia jambo la dini siku moja kwa juma, nyumba inabidi ifidie siku sita.

Mama Chikundi:

Wa aleykum salaam, ustaadh. Umesema kweli na sina la kupunguza. Nadhani sisi tulikuwa na kitu cha namna hiyo tukakiacha. Kengele ya Malaika wa Bwana: asubuhi, saa sita mchana, jioni. Mama mkwe anasimulia kwamba zamani kengele ya misioni ikilia mchana mtu alisimamisha jembe palepale. Ni sala ya dakika mbili tu. Siku hizi kengele inalia, watu wanaangalia simu wakihakikisha ni saa sita kweli.

Nesi wa Zamu:

Mimi si mkulima, niko Mtwara mjini, hospitali, zamu za asubuhi, jioni na usiku. Mume wangu ni dereva wa lori, Mtwara, Dar, anarudi, anageuza. Watoto wako na dada wa kazi, ambaye ni Muislamu na ndiye anayewakumbusha wasali kabla ya kulala. Mungu ana njia zake.

Tulichofanya sisi ni kuuondoa wajibu wa sala kwa baba na mama na kuukabidhi kwa mtoto wa kwanza, ana miaka kumi na moja. Yeye ndiye anayeita. Nikiwepo nipo, nisipokuwepo wanaanza. Saa mbili usiku baba yao akiwa ameegesha mahali penye mtandao anapiga, simu inawekwa spika katikati ya mkeka, naye anasali Baba Yetu kutoka Nangurukuru au Somanga, huku malori yanapita. Mtandao ukikatika wanamalizia bila yeye.

Nilisikia padri akihubiri Kumbukumbu la Torati sura ya 6, pale panaposema uyanene maneno haya ukiwa umeketi nyumbani, ukitembea njiani, ukilala na ukiamka. Nilimtumia mume wangu kwa sababu ya hilo neno njiani. Akajibu, "Musa alikuwa dereva wa masafa."

MwanaNewala:

Nesi 😂😂 mpe hongera Musa wa lori.

Mimi Mwanglikana, nyumbani Newala. Naongeza jambo ambalo hapa halijaguswa, nalo ni likizo ya Juni na ya Desemba. Ndiyo miezi ya jando na unyago. Mtoto anaondoka kwa wiki kadhaa, anafundishwa utu uzima na watu wengine, anarudi na nguo mpya na ngoma. Familia nyingi za Kikristo zinafanya moja kati ya mawili. Zinamkataza kabisa na mtoto anachekwa na wenzake hadi anatoroka, au zinamwachia aende na imani inasubiri nje mpaka atoke.

Wazee wetu walishalifikiria hili. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi, ile iliyoundwa 1926, aliona jando haliwezi kufutwa na akaona halifai kuachwa hivihivi. Akaliacha libaki, akaingiza ndani yake sala na mafundisho ya Kikristo, na wasimamizi Wakristo. Wapo waliomlaumu hadi leo kwamba alivuruga mila, na wapo waliomlaumu kwamba alichafua dini. Mimi namwona alielewa jambo moja: penye tukio kubwa la maisha ya mtoto, imani isipokuwepo mtoto atajua kwamba ni ya mambo madogo.

Nyumbani kwetu kijana alipokwenda, mjomba wake ambaye ni mzee wa kanisa ndiye aliyemsindikiza na akabaki naye. Alipotoka, kituo cha kwanza kilikuwa kanisani, ngoma ikafuata. Unyago wa binti wanawake wa Umoja wa Akina Mama wanaweza kuusimamia vizuri sana wakipewa nafasi. Wengine tayari wanafanya.

Katibu Mchovu:

Nasoma kimyakimya tangu mwanzo, sasa ngoja niseme. Mnalaumu korosho, mnalaumu hela. Kwenye parokia nyingine kinachomaliza muda wa familia ni parokia yenyewe. Jumatatu kamati ya ujenzi. Jumanne kwaya. Jumatano WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, mke wangu yuko huko. Alhamisi jumuiya. Ijumaa UWAKA, cha wanaume. Jumamosi usafi wa kanisa na harusi ya mtu. Mtoto wangu yuko Utoto Mtakatifu, chama cha watoto, kaka yake VIWAWA, cha vijana. Wote tuko kanisani, na hatuonani!

Mtaguso wa Pili wa Vatikano mwaka 1964 uliiita familia Kanisa la nyumbani. Sasa hili Kanisa la nyumbani halina hata siku moja kwenye ubao wa matangazo. Mimi ningeomba paroko mmoja tu mwenye moyo atangaze jioni moja kwa juma ambayo hakuna kikao cha aina yoyote, mlango wa ofisi ufungwe.

Na zile picha za waridi zenye "Asubuhi njema ubarikiwe na damu ya Yesu" kwenye grupu la jumuiya, ndugu zangu. Mtu anaforwadi sita kabla hajanawa uso, akiamini amesali.

Mama Chikundi:

Katibu, umeongea kama umetumwa na mimi. La jioni isiyo na kikao nitalipeleka kwenye jumuiya yetu, japo najua wataitisha kikao kulijadili.

Binti wa Lulindi:

Samahani nawaingilia. Nyote mnaongea kama baba yupo na anasali. Wangu yupo, hasali. Hanizuii, hanipigi, ila tukianza anatoka nje kuvuta sigara. Watoto wa kiume wameanza kumwangalia. Nafanyaje?

Babu Lukuledi:

Mjukuu wangu, pole, na wala usiombe samahani.

Soma barua ya pili kwa Timotheo, sura ya kwanza. Paulo anaitaja imani ya Timotheo na kusema ilikaa kwanza ndani ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Baba hatajwi hapo. Ukienda Matendo ya Mitume 16 unaambiwa mama alikuwa Myahudi aliyeamini, baba Mgiriki, basi, hakuna zaidi. Na kijana akawa alivyokuwa.

Tena wewe uko mahali panapofaa. Sisi Wamakua, Wayao, Wamwera, Wamakonde, ukoo tunaufuata kwa upande wa mama. Mjomba ana mamlaka kwa watoto wako ambayo makabila mengine hayana. Mtafute kaka yako anayesali, umwambie watoto wa kiume wanamhitaji. Afike Jumapili awachukue, awape kazi: mmoja abebe kitabu, mmoja asome somo. Mumeo usimhubirie. Muwekee kiti chake palepale, siku akikaa asikie jina lake likiombewa kwa heshima, bila vijembe.

Na niwaambie vijana jambo moja. Mwaka 1905 kwenye Maji Maji misioni za Lukuledi na Nyangao zilichomwa. Kisha ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani wakaondolewa, mapadri wakawa hakuna. Waliobaki ni makatekista, walimu wa dini wasio mapadri, na nyumba za watu. Wazee wetu walibatizana, wakazikana, wakafundisha watoto sala usiku baada ya shamba, na hali ilikuwa ya njaa. Hadi leo kuna vigango, makanisa madogo ya vijijini, ambako padri hufika kwa nadra, Jumapili nyingine katekista anaongoza Ibada ya Neno. Huku kwetu nyumba haijawahi kuwa msaidizi wa kanisa. Mara nyingi ndiyo iliyokuwa kanisa lenyewe.

Binti wa Lulindi:

Asante sana babu. Kaka yangu yuko Nachingwea, namtafuta leo.

Kijana wa Feri:

Shikamooni wakubwa. Mimi sijaoa ila msimu huu naenda kumsaidia bibi kuokota, na ameshaniambia lazima nisali naye. Kitabu chake cha sala ni cha zamani, kina Furaha, Uchungu na Utukufu. Alhamisi tunasali matendo gani? Padri wetu hutaja Mwanga, bibi anasema hayo hayajui na hayamo.

Mama Chikundi:

Marahaba. Bibi hajakosea. Matendo ya Mwanga yaliongezwa na Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 2002, vitabu vya kabla ya hapo haviwezi kuwa nayo. Ni haya: Ubatizo wa Bwana, arusi ya Kana, kutangazwa kwa Ufalme, kugeuka sura, na kuwekwa kwa Ekaristi. Yaandike kwenye karatasi ulibandike nyuma ya kitabu chake. Akikataa, sali naye ya Furaha, ndiyo aliyoyazoea siku ya Alhamisi, na usibishane naye chini ya mkorosho.